Nyota Tatu za Zimwi la Skarvik

Jumatatu, 9 Februari

Baridi ya kupasua bomba. Kweli limepasuka, nyuma ya shule. Sijali! Nimeangalia ukurasa wa kitabu mara tisa kabla ya kazi, na mara nne nikiwa ndani ya shimo, glavu nimeivua kwa meno ili nibonyeze simu. Maoni ya wasomaji: kumi na moja. Nyota: tatu, tatu, tatu, tatu. Wote kumi na mmoja! Kama waliokaa kikao.

Kitabu chenyewe ni Meno Chini ya Barafu, riwaya ya kutisha, kurasa mia tatu na arobaini. Nimekiandika kwa miaka minne, mimi Milford Aasgaard, fundi maji wa mji huu wenye watu mia sita na kitu. Zimwi la futi thelathini linaishi katika ziwa letu na kuwala wavuvi mmoja mmoja kupitia matundu waliyotoboa kwenye barafu. Sura ya saba ilinitisha mimi mwenyewe. Nilishindwa kumaliza supu.

Na wasomaji wa Skarvik wanasemaje? Nanakili. "Si mbaya." "Si mbaya hata kidogo." "Nimesoma vitabu vibaya kuliko hiki." Mmoja kaandika kwamba zimwi ni sawa, lakini vibanda vya uvuvi bado viko ziwani tarehe 20 Machi, na ni nani huyo anayeacha kibanda juu ya barafu tarehe 20 Machi, wakati kila mtu anajua siku ya mwisho ya kuviondoa kabla barafu haijalainika? Wenzake wote kumi wamemuunga mkono. Zimwi lenye mikono wameliamini bila taabu. Kibanda hawakiamini!

Najua, najua. Hapa kwetu "si mbaya" ndiyo sifa ya juu, na nyota tatu ndio mwisho wa safari. Anayetoa nne hutazamwa. Anayetoa tano ama amelewa ama katoka California. Nimezaliwa hapa, sihitaji kuambiwa. Lakini ule ukurasa unasomwa na dunia nzima, na dunia ikiona tatu inapita zake.

Halafu kuna LaVonne. Nilimpa nakala ya kwanza siku ya Krismasi. Akaipima mkononi, akasema kitabu ni kinene. Sasa ni wiki ya saba kiko upande wake wa kitanda, na alama ya kusomea iko ukurasa wa kumi na mbili. Naikagua kila asubuhi akiwa bafuni. Haisogei. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na mtu pekee ambaye maoni yake nayataka kweli amekwama mahali ambapo zimwi hata halijapiga chafya! Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sina pa kusemea.

Wazo. LaVonne hapendi kupitwa na jambo. Mji mzima ukikisifu kitabu, atakisoma. Na Alhamisi chama cha wasomaji cha Mwalimu Ardis Tollefsrud kinakutana kupiga kura ya Kitabu cha Majira ya Baridi, kile kimoja ambacho mji wote husoma. Ni lazima kiwe changu. Tatizo ni huyo Mwalimu Ardis. Alinifundisha darasa la tatu, akaandika kwenye ripoti yangu "anajitahidi". Tangu hapo hatuivi chungu kimoja.

Zinahitajika nyota tano. Nyingi. Haraka.

Jumanne, 10 Februari

Nimeanza na njia ya haki, iandikwe. Saa ya chakula nimekwenda ziwani, kibandani kwa rafiki yangu Delmar Huberty, nikamwomba nyota tano kama mtu na ndugu yake. Kanuna! Kumbe ana kinyongo. Zimwi langu limemla mdogo wake sura ya nne, limemla daktari wa mifugo, limemla mpaka mleta mikate, yeye likampita.

"Majira thelathini nimekaa juu ya tundu hili, Milford," kaniambia. "Leo zimwi linapita mlangoni kwangu kama halinijui! Kwani mimi nina kasoro gani?"

Nimemwambia nilimhurumia. Kauliza nani kaomba huruma. Basi nimemwahidi kwamba katika kitabu cha pili ataliwa sura ya kwanza kabisa, polepole, kurasa sita. Uso ukafunguka, kahawa ikamiminwa. Nikauliza, basi, tano? Kasema tatu alikwisha kunipa, anaongeza kwa nini. Chakula cha mazishi ya mama yake mzazi alikipa tatu, na kilikuwa kitamu.

Njia ya haki imeshindikana. Nimejifungia katika chumba cha pampu za majitaka, nikazaa wasomaji watano. Bi. Philomena Drake. Bwana Thaddeus Windham. Dokta Rupert Lansing. Na mapacha, Estelle na Eugenia Fontaine. Majina yenye heshima! Mwalimu Ardis husema maoni ya watu wa mbali hayahesabiki, kwa hiyo wote nimewapa makazi hapahapa, kwenye nyumba za likizo ng'ambo ya kaskazini ya ziwa. Mtu mwingine asingefikiria hilo.

Wote wametoa tano. "Kitabu bora kabisa!" "Nimetetemeka siku mbili!" Dokta Lansing kavutiwa hasa na maelezo ya kituo cha pampu. Mapacha pia. Bwana Windham kasema shujaa, yule fundi maji mrefu mwenye mabega, ndiye mwanamume wa kweli katika vitabu vya siku hizi. Sikumlazimisha. Maneno yalikuja yenyewe.

Wastani sasa: tatu nukta sita! Nimepiga kelele ya furaha, ikarudi kupitia mabomba.

Wakati wa chakula cha jioni nimemdokezea LaVonne, kama kwa bahati tu, kwamba watu wanakisifu kitabu. Kauliza watu gani. Nimesema dokta mmoja. Kasema ahaa. Halafu kaniuliza kama nitaongeza karoti.

Jumatano, 11 Februari

Adui kajitokeza!

Saa nne asubuhi, maoni mapya. Jina: Msomaji wa Saa Sita. Nyota: nne. Nimesoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nayanakili yote ili ushahidi uwepo:

"Mwandishi analijua ziwa. Vibanda kukaa ziwani kupita tarehe, hilo nimelisamehe. Mke wa shujaa, katika kurasa zote 340, anasema maneno manne tu: nani anataka kahawa zaidi. Nadhani alikuwa na mengine. Lakini pale fundi anapokaa peke yake juu ya barafu, na kinachomwogopesha si zimwi bali kwamba huenda hakuna atakayegundua kuwa hajarudi, nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya mpaka kengele ya kazi ilipolia."

Nne! Mtu aliyekwisha kufika nne kashindwa nini kumalizia? Hapa hakuna mtu anayetoa nne. Kwa hiyo ni hila. Na nani mwingine husahihisha tarehe na kuhesabu maneno? Ardis! Namwona kabisa, na ile kalamu yake nyekundu. Kanipaka mafuta mwishoni ili sindano ya mke isionekane. Mke wa shujaa anapenda kutengeneza kahawa, kuna ubaya gani?

Nimefunga mlango wa pampu. Ukurasa una kitufe cha kulalamikia maoni ya uongo. Watano wangu wamekibonyeza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na maelezo yake. Bi. Philomena kasikitika tu. Dokta Lansing alikuwa mkali, katumia neno "kughushi". Mapacha wamesema kitu kimoja, ndivyo mapacha walivyo.

Saa nane mchana maoni yameondolewa. Yamekwisha! Watano hawakosei.

LaVonne karudi kutoka ofisi ya ghala la nafaka, anakoandika hesabu za mizani. Leo kabla hata ya kuvua koti kaniuliza kama kuna jipya kwenye ule ukurasa wangu. Yeye! Ameuliza mwenyewe! Mpango unafanya kazi. Nimemjibu hakuna la maana, kulikuwa na hasidi mmoja, wasomaji wamelalamika, kafutwa. Kasimama na kofia mkononi. Kauliza kafutwaje. Nimesema kabisa kabisa. Kasema, "Ala." Kisha kaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ana jambo. Huenda ni mambo ya kazini.

Alhamisi, 12 Februari

Ukumbi wa chini wa kanisa, saa kumi jioni. Kahawa ya birika kubwa, biskuti, watu kumi na mmoja wa chama. Mimi nimevaa tai. Mwalimu Ardis kapanga viti kwa duara, na mbele yangu viti vitano vitupu, kila kimoja na kadi ya jina kwa mwandiko wake mzuri. Drake. Windham. Lansing. Fontaine. Fontaine.



Hakufoka. Afadhali angefoka! Kasema kwa sauti ileile ya darasa la tatu, "Majirani wapya watano, Milford, wote wapenda vitabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuwakaribisha. Tumeaibika kweli. Nimeona tuwasubiri kidogo."

Tukasubiri. Watu wanakunywa kahawa, wananitazama kwa upole. Hakuna kitu kibaya kama upole wa watu kumi na mmoja.

Ndipo Delmar, rafiki yangu, mtu niliyemwahidi kurasa sita, akafungua mdomo. "Ng'ambo ya kaskazini? Si kule maji umeyafunga mwenyewe tangu Oktoba, Milford? Wanaogaje hao?"

Nimesahau! Mimi! Nimezifunga koki zile kwa mkono wangu, nyumba moja moja, kama kila mwaka kabla ya baridi!

Nimesema wanayeyusha theluji. Mtu mmoja kasema, hata dokta? Nimesema hasa dokta. Mwalimu Ardis kauliza kwa huruma kwa nini basi hawajaja. Nimesema wanaumwa. Kauliza nani. Nimesema wote. Mafua makali. Mapacha wako taabani.

Halafu akina mama wakaangaliana, na Mwalimu Ardis akachukua kalamu akaanza kugawa kitu kwenye karatasi, huyu viazi, yule tambi. Kura imeahirishwa hadi Jumamosi kwa heshima ya wagonjwa.

Nimeponea chupuchupu. Nadhani nimeponea.

Ijumaa, 13 Februari

Sikuponea.

Mtu akiugua Skarvik, hupelekewa bakuli la chakula cha kuoka. Ndivyo ilivyo, hata ukiwa umegombana naye tangu vita. Nilijua hilo maisha yangu yote, na jana nikasema watu watano wanaumwa! Kufikia saa saba mchana, mabakuli matano yamepangwa kwenye baraza langu, moto kabisa, yamefunikwa kwa foili. Barabara ya kaskazini haijasafishwa, wakasema, na gari la kusukuma theluji unalo wewe, basi utatupelekea. Manne ni viazi na nyama ya kusaga, moja ni tambi na samaki. Chini ya kila bakuli utepe wenye jina la mwenyewe, maana lirudi limeoshwa, na salamu za mgonjwa. Mama mmoja mwenye miaka themanini na tatu, goti bovu, kaleta la pacha mmoja kwa miguu akivuka theluji. Kaniomba niwaambie kwamba anawaombea.

Nilitamani zimwi lije linimalize.

LaVonne kafika saa kumi na moja. Kafunua foili ya kwanza, kasoma kadi: "Kwa Bi. Philomena, upone haraka." Akafunua ya pili. Kakaa na koti lake mwilini, akangoja. Nimemweleza kila kitu: pampu, watano, tano tano, mafua. Nikafikia Msomaji wa Saa Sita na jinsi tulivyomfuta.

"Kwa hiyo ni hawa walionifuta," kasema.

Sikuelewa. Nilielewa. Nikatamani nisielewe.

"Wewe?"

"Mimi."

"Lakini uko ukurasa wa kumi na mbili!"

"Kile cha kitandani ni cha kukutuliza, Milford. Ningekisomaje humu ndani? Nikifungua tu, umesimama mlangoni umenikodolea macho. Nikikohoa, unaniuliza ni sura ya ngapi. Nimeazima cha maktaba, nikasoma kwenye gari saa ya chakula. Mara mbili."

Mara mbili! Nimeuliza kwa nini hakuniambia tu. Kasema usoni asingeweza, najua sisi tulivyo. Ndiyo maana akajificha kwenye jina, akaandika kwa siku tatu na kufuta na kuandika tena. Halafu kasema, taratibu, bila hasira, "Nne, mwanamume wewe. Unajua kanisa nimelipa nyota ngapi?"

"Tatu."

"Tatu."

Nimemwomba aandike tena. Nimemshika mkono, nimeomba kweli. Kasema alikwisha kusema mara moja, na kitu cha namna ile hakisemwi mara mbili kwa sababu mtu kabonyeza kitufe. Kisha katia viazi vya Bi. Philomena kwenye sahani mbili, tukala. Nilikuwa na njaa, na hilo nalo lilinitia aibu.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimeosha mabakuli matano.

Kwa amri ya LaVonne nimewafuta watano wangu, mmoja mmoja. Dokta Lansing nimemwacha wa mwisho. Wastani umerudi: tatu kamili. Kisha nimewaandikia wenye ukurasa wamrudishe Msomaji wa Saa Sita. Wamejibu kwa dakika moja kwamba maoni yaliyolalamikiwa na wasomaji watano hayarudishwi, na wananishukuru kwa kujali ukweli.

Mabakuli nimeyarudisha mwenyewe, na kila moja lina barua ya shukrani kutoka kwa mgonjwa. Ningefanyaje? Kurudisha bakuli bila neno ni ukosefu wa adabu. Nimebadilisha kalamu mara tano. Mwalimu Ardis kasoma ya pacha mwingine, akavua miwani. Kasema anaufahamu mwandiko huu, ulikuwa wa mtoto aliyekaa safu ya pili karibu na dirisha, mtoto aliyeandika hadithi ndefu kuliko wenzake na kuangalia kila mara kama mwalimu anazisoma.

"Na ulikuwa ukizisoma?" nimeuliza. Sijui limetoka wapi swali hilo.

"Zote," kasema. Kanimiminia kahawa. Kasema kura ilikuwa ya kutimiza utaratibu tu. Chama kilikubaliana tangu Januari kwamba kitabu cha mwaka huu ni changu, ndiyo maana wote walikisoma na kuandika maoni. Kumi na mmoja, tatu tatu, hakuna aliyepinga. Haijawahi kutokea. Kasema, "Si mbaya, Milford," na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. Tangu Januari! Kabla ya watano, kabla ya pampu, kabla ya kila kitu!

Nyumbani nimemweleza LaVonne. Kafikiri sana. Halafu kasema, basi kesho baada ya kanisa tutakaa mezani, mimi na yeye na kitabu, na aliyoyaandika atanisomea kwa mdomo, anayakumbuka neno kwa neno. Mara moja tu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ni jambo gumu kwake, najua ni gumu. Kasema, "Uje bila simu."

Nimeapa. Simtaki tena msomaji wa kubuni maishani. Namtaka huyu mmoja. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Jumapili, 15 Februari

Nimetubu kanisani, kwa moyo wote, ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza.

Ubeti wa tatu nimeanza kufikiri. Tatu kamili! Mji mzima utanisoma majira haya, lakini dunia itafungua ukurasa na kuona nini? Tatu. Na haki iko wapi? Kuna maoni halali ya mtu halali, mke wangu wa ndoa, yaliyoondolewa kwa makosa. Kuyarudisha si udanganyifu. Ni kurekebisha. Asingekuwepo msomaji huyo ingekuwa uongo, lakini yupo, yuko chini jikoni, nasikia vikombe.

Kwa hiyo nimepanda juu kubadilisha soksi, na nimefungua akaunti moja tu. Moja! Msomaji wa Saa Sita Mchana. Nimeandika upya, kwa uaminifu. Habari ya vibanda nimeiacha nje, alikwisha kusema amesamehe. Habari ya mke na kahawa nimeiacha pia, ingewachanganya wageni. Kulikuwa na ile sentensi moja ya mwisho, ya fundi juu ya barafu. Nimekaa kitandani nikijaribu kuikumbuka. Kitu kuhusu kengele. Daftari liko hapahapa, ningeweza kurudisha kurasa mbili tatu nikaitazama, lakini muda hautoshi. Mahali pake nimeandika: kitabu bora kabisa.

Nyota nimeweka tano. Ile nne ilikuwa ya haya tu. Namjua LaVonne.

Ananiita. Kasema kahawa inapoa, na yeye amekwisha kukaa, na kitabu kimefunguliwa mahali penyewe, nije kabla hajapoteza ujasiri. Nimemjibu nakuja, dakika mbili.

Dakika tano. Nione kwanza kama wastani umepanda.